Herufi Kumi za Pembeni

Gereza la Wolchester
Jumatatu, 3 Agosti 1741

Mpwa wangu Ambrose,

Mjomba wako bado anapumua. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza, kama kazi ya kubeba makaratasi ya jaji isingekumaliza pumzi. Magoti yanalia kama bawaba za lango letu, meno yamebaki manne, na hayo manne hayaongeleshani.

Ijumaa nilikuona ukiondoka, umekaa nyuma ya gari la jaji kati ya masanduku, kichwa kinaruka-ruka kama cha kuku anayepelekwa sokoni. Nikapunga mkono, hukuona. Haya. Mmetuachia watu saba na karatasi moja.

Jaji wenu aliwavalia kitambaa cheusi wote saba, akawaambia wote saba watanyongwa, kama ilivyo desturi. Jioni akala bata bukini, akashika kalamu, na pembeni mwa orodha ya majina akaamua nani anakufa kweli na nani anaachwa ili apakiwe melini akalime tumbaku Amerika. Wafungwa wenyewe hawajui. Inayojua ni karatasi ile uliyoinakili wewe kwa mkono wako mzuri, nayo imetundikwa kwenye msumari ofisini kwa Bwana Hoskin, mkuu wetu wa gereza, ambaye Kilatini hajui hata cha kuombea maji.

Mimi najua. Usicheke, nakuona! Miaka miwili nilikaa shule ya Kilatini ya Mwalimu Prewett kabla hajanitupa nje. Kilatini kirefu kilinipita, lakini kile kilichokatwa mkia na miguu nilikimudu, maana kila kifupisho kilikuja na viboko vitatu. *Etc.* vitatu. *Viz.* vitatu. Siku niliyochanganya *i.e.* na *e.g.* alinichapa mpaka suruali ikagandamana na ngozi, na mama yako, Mungu amrehemu, akaibandua kwa maji ya moto huku ananiambia nisilie. Mpaka leo nikiona *e.g.* makalio yananiwasha. Maana yake ni "kwa mfano", na mfano siku ile nilikuwa mimi.

Basi nikaisoma karatasi yako. Wenye *resp.* wameahirishiwa, hawafi. Wenye *sus. per coll.* watundikwe kwa shingo. Herufi kumi, nukta mbili. Kuku wa Krismasi huchinjwa kwa maneno mengi zaidi.

Sasa nieleze. Mstari wa tatu ni Amos Crake. Huyu ndiye aliyempasua msagaji kichwa kwa mtaimbo mbele ya watoto wake, akapiga tena alipokwisha kufa, kisha akaketi mezani akala kifungua kinywa cha marehemu. Pembeni umeandika *resp.* Mstari wa nne ni Luke Rusk, mfumaji, aliyekata kitani kilichoanikwa uwanjani ili amfunike mkewe aliyekuwa anajifungua. Wazee wa baraza wote kumi na wawili walimpigia jaji magoti wakimwombea, na nilimwona jaji kwa macho yangu akipenga kamasi. Pembeni kwake, *sus. per coll.*

Wa kunyongwa ni wawili, siku ni Jumamosi tarehe 15. Luke Rusk ni mmoja. Ambrose, jaji alikuwa amelewa au ni wewe?

Mjomba wako,
Jabez Tuckwell, mshika funguo

P.S. Hii nayo ni Kilatini, "kilichoandikwa baada ya barua". Mimi naipenda kuliko barua yenyewe. Juu mtu hujipanga, huku chini ndiko husema kweli.

---

Dunmarsh
Jumatano, 5 Agosti

Mjomba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua yako imenifikia mahakamani, mbele ya makarani wenzangu, na mmoja ameisoma anwani kwa sauti na kuuliza kama wewe ndiye yule mzee wa Wolchester anayeimba mazishini. Nikasema ndiye.

Naomba usizisome tena karatasi za mahakama. Hazikuandikwa kwa ajili yako. Vifupisho si mzaha, mjomba. Watawa wa zamani waliandika juu ya ngozi, na ndama mzima alitoa kurasa chache tu. Wakafundishana kukata maneno ili ngozi itoshe na vidole visife ganzi wakati wa baridi. Hata ile *z* ya *viz.*, iliyokugharimu viboko, si *z* kabisa. Ni mkia tu waliouchora kuonyesha kwamba neno limekatwa, na wachapaji wasioelewa wakauchapa kama herufi. Sisi tumerithi. Bunge liliamuru miaka minane iliyopita kwamba kumbukumbu zetu ziwe za Kiingereza, lakini jaji mwenye wafungwa thelathini na mmoja kwa siku nne hana muda wa kuandika sentensi kwa kila mtu. Huweka alama, nasi tunanakili.

Nakala yangu ni sahihi. Nilihakiki kwa kuhesabu, kama tunavyofanya siku zote: *resp.* tano, *sus.* mbili, kwenye karatasi ya jaji tano na mbili, kwenye yangu tano na mbili. Jaji ana sababu zake ambazo hazipaswi kupita kwanza kwa mshika funguo.

Karani mkuu anastaafu mwezi ujao. Nadhani unaelewa kwa nini sitaki kelele.

Mpwa wako mtiifu,
Ambrose Legge

---

Gereza la Wolchester
Ijumaa, 7 Agosti

Mpwa wangu mtiifu,

Nimeelewa. Lakini kelele imeshaingia, na aliyeileta ni mimi na ulimi wangu.

Jumatano nilikuwa nagawa mkate uani. Crake akanisukuma, akasema, "Babu, harakisha, mtu anayekwenda kufa asifie njaa." Nami kwa ujinga wa kutaka kuonekana msomi nikamjibu, "Nani kakwambia unakufa? Kwako imeandikwa *resp.*, we ng'ombe." Nikamfafanulia. Uso wake, Ambrose! Alicheka mpaka akakaa chini. Unafahamu maana yake mtu kama yule akijua kamba haimgusi tena? Hana cha kuogopa. Utamfanya nini, umnyonge?

Jana asubuhi alimwuma mfungwa mwenzake Giles Mott sikio, akalikata nusu, akalitemea kwenye sufuria ya uji. Kisha akamgeukia Rusk. "Wewe ndiye umechukua kamba yangu," akamwambia, "njoo nikushukuru." Akamzungushia mnyororo wa pingu usoni. Nilisikia taya likivunjika nikiwa upande wa pili wa ua, sauti kama ya mtu anayekanyaga kikapu. Akaendelea kupiga. Mimi na Bwana Hoskin tulikwenda na marungu. Hoskin akapigwa teke la tumbo akakaa chini kutapika, mimi nikatupwa ukutani. Aliyemwokoa Rusk ni yule mchuuzi wa mayai, Nell Tabb, mwanamke asiyenifika begani. Alipanda juu ya benchi akampiga Crake utosini kwa ndoo ya haja, imejaa. Crake akaanguka kifudifudi, tukamfunga.

Usidhani nampenda Nell Tabb kwa hilo. Ana mdomo kama wembe. Nilipomshukuru akasema, "Sikufanya kwa ajili yako, mzee kibogoyo, nenda kaoge." Maana ndoo nusu yake ilikuwa imenimwagikia mimi. Kisha akanifuata mpaka mlangoni. "Kama unasoma, sema. Na mimi nimeandikiwa nini?"

Yeye ni mstari wa saba, wa mwisho, naye ana zile herufi kumi. Aliiba vikombe viwili vya fedha kwenye nyumba ya wageni alikokuwa anapeleka mayai. Sikuweza kumwambia. Nikatania. Nikasema, "Wewe umeandikiwa *etc.*, mama. Na kadhalika."

"Na kadhalika ndiyo nini?"

"Ndiyo vile vitu visivyostahili kutajwa."

Akacheka, akanitemea mate kwenye buti.

Sasa Rusk amelala kwenye nyasi, taya limefungwa kwa kitambaa, anakunywa maziwa kwa unyasi. Mkewe huja kila siku na kichanga, anakaa nje ya lango. Rusk ana siku nane za kuishi, na yeye ndiye wa pekee humu ndani anayesema "tafadhali".

Kwa hiyo naomba nikuulize swali la kijinga. Ulipokuwa mtoto nikikupa hesabu ya magunia ya ngano uinakili, ulikuwa na tabia moja: unaandika majina yote mpaka chini, halafu ndipo unarudi juu kuanza kujaza safu ya pembeni. Nikakuchapa kofi nikakwambia, jina na chake, jina na chake, usiachanishe. Ukalia, ukasema huo ni uchelewaji. Je, siku hizi unanakili vipi?

Jabez

P.S. Tazama karatasi ya jaji, mwanangu. Itazame tu.

---

Dunmarsh
Jumapili, 9 Agosti

Mjomba,

Ukishasoma hii, ichome.

Nimeitazama. Mkono uliteleza kwenye mistari miwili. Crake ndiye wa kunyongwa, Rusk ameahirishiwa. Ni kosa dogo la kunakili, linaweza kumpata mtu yeyote aliyekesha siku nne.

Nimeandika hati fupi ya marekebisho ya majina hayo mawili. Leo baada ya ibada niliiingiza katikati ya karatasi nyingine, jaji akaitia saini bila kuisoma. Sherifu na Bwana Hoskin watapata nakala kwa posta hii hii. Hakuna atakayeuliza kuhusu mistari miwili. Ingekuwa zaidi ya hapo wangeitisha orodha nzima, na wangeniuliza nafanya kazi gani hapa.

Usiseme na mtu. Usiguse tena karatasi ile.

Ambrose

N.B. Yule mwanamke wa mwisho kwenye orodha, ana ndugu yeyote?

---

Gereza la Wolchester
Jumatano, 12 Agosti

Ambrose, Ambrose, mwana wa dada yangu!

Ukiona mwandiko umepinda kama njia ya mlevi ujue ni vidole. Viwili vimevunjika, vya mkono wa kulia, na nakuandikia na vile vilivyobaki. Nitakueleza, lakini kwanza acha nikuombee. Mungu akupe hicho cheo cha karani mkuu, akupe na mke mnene.

Hati ilifika jana mchana. Hoskin akaniita nimsomee, nikamsomea taratibu kama askofu. Tukaenda kwa Rusk kwanza. Hawezi kusema, taya limefungwa. Alinishika mkono akaubana kwenye paji la uso wake. Mkewe kule nje alipiga yowe moja likawatoa watu madukani.

Kwa Crake tulikwenda watu sita. Nikamsomea na yeye. Akauliza, "Kwa hiyo ile *resp.* yako, babu?" Nikasema imehama. Alinirukia kabla sijamaliza neno. Alivishika vidole vyangu akavikunja nyuma kimoja kimoja, ananitazama machoni, kama mtu anayevunja njugu. Akamng'oa Dawkins, mlinzi mwenzangu, jino kwa kisigino. Ilibidi tumpige mpaka asisimame, na tulipomaliza ukuta ulikuwa na damu mpaka usawa wa macho yangu. Sijivunii. Nilipiga na mimi, kwa mkono wa kushoto, na nilipiga zaidi ya ilivyohitajika. Miaka sabini na moja, na bado mtu anafurahia kupiga! Sasa amefungwa kwenye pete ya sakafuni, anavuja.

Umeuliza kuhusu Nell Tabb. Hana mtu. Mume alizama mtoni, watoto hakujaliwa. Ana jogoo mmoja aliyemwachia jirani na kila nikipita ananiuliza habari zake kana kwamba mimi ni posta ya majogoo. Kwa nini unauliza? Nilishangaa kidogo kwamba mwizi wa vikombe afe, na Toby Gannet wa mstari wa sita, aliyemkata pua mfanyabiashara wa sufu barabarani akachukua na farasi wake, aachwe. Lakini nikakumbuka kwamba Nell alimwambia jaji mbele ya watu wote kuwa wigi lake ni kiota cha chawa. Basi nikasema, hilo ndilo. Wakubwa hawasahau.

Gannet naye anapiga mluzi kutwa nzima. Wimbo ni mmoja tu. Nikimwambia anyamaze anasema, "Mzee, mluzi wangu umeukuta kwenye karatasi?"

Jumamosi nitakuwa na kazi ya kuwapeleka mshenzi na mwenye mdomo, badala ya mtakatifu na mwenye mdomo. Afadhali hivi. Nalala vizuri.

Mjomba wako anayejivuna,
Jabez

P.S. Barua yako sikuichoma. Ni ya kwanza uliyowahi kuniandikia ukikiri kosa. Nimeiweka kifuani.

---

Kelsby
Ijumaa, 14 Agosti

Mjomba mpendwa,

Pole kwa vidole. Nina habari: jaji amenitaja mimi. Kuanzia sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu, mwishoni mwa Septemba, nitakuwa karani mkuu wa mzunguko huu wa mahakama, nami nitakuwa na makarani wawili chini yangu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, maana mama hayupo, na wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule.

Nitakuletea tumbaku nikipita Wolchester. Niombee.

Ambrose

N.B. Kama barua hii itawahi, mpeni yule mwanamke kitu kikali anywe kabla ya kutolewa. Anywe kingi, asijue.

---

Gereza la Wolchester
Jumatatu, 17 Agosti

Ambrose Legge,

Haikuwahi. Imefika jana, Jumapili.

Nitakuandikia taratibu, bila vifupisho, kwa vidole vitatu. Wewe kaa usome taratibu pia.

Jumamosi saa nne asubuhi tuliwatoa. Crake alibebwa, hakuwa na mguu wa kusimamia. Kwenye mkokoteni alimpiga mnyongaji kichwa cha mdomo, wakamzibua kwa rungu, wakamtia kitanzi akiwa nusu amezirai. Akazinduka wakati farasi anavuta. Alipigana na hewa robo saa nzima, uso mweusi, ulimi umeng'atwa, na watu wakishangilia kila teke. Nilimtazama mpaka mwisho. Sikusikia huruma, na sitakudanganya kwamba nilisikia.

Nell Tabb hakujua mpaka asubuhi ile. Bwana Hoskin aliposoma jina lake, Nell alinigeukia mimi, si Hoskin. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye mkokoteni, na alipokuwa juu, kamba shingoni, akanitafuta kwenye umati akaniona. "Mzee!" akaita. "Hii ndiyo na kadhalika yako?"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wetu.

Mkokoteni ukaondoka. Alikuwa mwepesi mno, Ambrose. Mtu mzito humalizwa na uzito wake, mwepesi huning'inia tu. Wenye ndugu huvutwa miguu na ndugu zao ili wasikawie. Uliniuliza kama ana ndugu, nikakujibu hana, na sasa najua ulichokuwa unauliza. Alirusha miguu, akageuka, akageuka tena, mkojo ukateremka mpaka kwenye viatu. Nilihesabu pumzi zangu mpaka mia moja, kisha nikaenda chini yake, nikamkumbatia magoti, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Nilisikia shingo. Ilikuwa sauti ndogo. Vidole vyangu vilivyovunjika vilikuwa vimeshika kisigino chake na sikuhisi maumivu.

Nikarudi nikanywa. Jana nikapata barua yako, nikafurahi, nikamsomea Hoskin habari ya cheo chako, nikafika kwenye zile herufi mbili zako za chini. *N.B.* Angalia vizuri. Na mimi nikaangalia vizuri.

Nikaenda ofisini nikaishusha karatasi kwenye msumari. Nikaweka kidole. Ukiandika majina yote kwanza, halafu safu ya pembeni, na katika kushuka ukarudia *resp.* moja mara mbili pale juu, basi kila alama inayofuata inashuka ngazi moja. Ya Crake inamwangukia Rusk. Na ikishaanza kushuka haikomei mstari wa nne kwa heshima ya mfumaji mpole. Inashuka mpaka chini. Herufi kumi za Toby Gannet wa mstari wa sita zinamwangukia mwanamke wa mstari wa saba, na *resp.* ya huyo mwanamke inaanguka nje ya karatasi, haina wa kumkalia. Bado ni tano na mbili. Hesabu yako inalingana.

Wewe ulijua Jumapili ile. Ulikuwa na karatasi ya jaji mbele yako. Ulisahihisha wawili kwa sababu nilikuuliza wawili, na mistari miwili ni mkono kuteleza, mistari minne ni karani wa kufukuzwa. Ulisema mwenyewe, nami nikasoma nikapita, kwa furaha.

Mimi pia sijitoi. Nilimwona Rusk kwa kuwa nilimpenda. Huyu mwingine alinitukana, basi jambo lilipokuwa halieleweki nikamtafutia sababu, nikaipata kwenye wigi la jaji, nikalala. Kosa lilikuwa lile lile, karatasi ile ile, na mimi niliyejifundisha kwa makalio yangu kusoma vipande vya Kilatini nikasoma kipande nilichokitaka.

Usiku huo wote sikulala na asubuhi nikavaa koti niende kwa Sherifu. Barua zako nilikuwa nazo kifuani. Nikapita uani. Toby Gannet alikuwa amekaa juani ameegemea ukuta, anapiga mluzi wimbo wake ule. Akaniona na koti. "Unakwenda harusini, mzee?"

Nikasimama pale. Nikifungua mdomo wangu kwa Sherifu, ataandika kwa jaji, jaji ataitazama karatasi yake mwenyewe, na zile herufi kumi zitarudi kwa mwenyewe. Watakuja na mkokoteni kumchukua huyu. Ni mshenzi, alimkata mtu pua. Lakini anaamini ameachwa, ana siku tatu anaongea habari za bahari ambayo hajaiona. Na Nell Tabb hatafufuka hata wakimtundika Gannet juu ya mnara wa kanisa.

Nikavua koti.

Kwa hiyo umepona, karani mkuu. Usinishukuru. Aliyekuokoa ni mkata pua, na hajui. Tumbaku usilete. Ukipita Wolchester na gari la jaji sitapunga mkono.

Jambo moja nakutaka, na hili si ombi. Utakuwa na makarani wawili chini yako. Watafundishwa na wewe. Waandike jina na chake, jina na chake, hata jaji akiwa mguu mmoja ndani ya gari anawatukana. Na wewe mwenyewe, kila utakapoandika zile herufi kumi, uziandike kwanza kwa urefu kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiingereza cha mama yako: huyu mtu, jina lake kamili, atafungwa kamba shingoni atundikwe mpaka afe. Usome kwa sauti. Halafu ndipo ukate.

Barua zako ziko kwenye sanduku langu, na funguo zote za humu ndani ninazo mimi. Gannet atapakiwa melini mwezi wa Oktoba. Meli ikishaondoka na yeye, sitakuwa tena na sababu ya kukaa kimya. Una mpaka hapo kumwendea jaji kwa miguu yako mwenyewe.

Jabez Tuckwell

P.S. Kwenye orodha uliandika "Elnr." ili nafasi itoshe. Ilikuwa Eleanor. Eleanor Tabb. Nimemchukua yule jogoo.